Lango la Gemu na Kadi ya Kanyi

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Jericho kununua ndengu, na muuzaji akaniita kwa jina ambalo sijaitwa kwa miaka kumi na sita. "Madam," akasema, "kwani umenisahau?" Nilimtazama muda mrefu kabla ya kumtambua. Alikuwa Oti, tuliyekuwa naye Huruma siku za chumba cha gemu. Siku hizi ana tumbo na duka la nafaka, na mke wake, Mama Tony, hukaa kwenye mizani na kalamu sikioni. Walinivutia gunia la maharagwe nikalikalia, wakaniletea soda. Oti akaanza kunieleza kwa mke wake kama vile sikuwepo. "Huyu ndiye yule nilikuambia. Sisi wote tulikuwa wanyama. Kwa ile gemu, mgonjwa akibisha langoni, sisi tunasema funga. Huyu peke yake anasema fungua. Kila Jumapili, fungua. Roho yake ni tofauti." Mama Tony akaniangalia kwa heshima na kunitilia ndengu kupita kipimo. Kisha Oti akashusha sauti. "Kanyi tulimzika mwezi wa nne. Nilikutafuta, namba yako ikawa haishiki. Kifua kilimrudia, mara hii hakikumwacha. Lakini mpaka mwisho alikuwa anakutaja. Alikuwa anatuandikia kwa karatasi, unajua masikio yalishaenda. Aliandika kwamba hukuwahi kukosa siku hata moja kumpa dawa."

Nilimaliza soda yote. Nilisema pole, nikauliza kama alikuwa ameacha watoto, nikaambiwa wawili, nikaaga. Sikumsahihisha Oti neno lolote. Nilipofika nyumbani niliyatoa madaftari yangu chini ya kitanda, kwa sababu tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimekuwa na tabia ya kuandika mistari michache kila siku, hata kama ni ya bei ya sukuma wiki tu. Si kwamba najua kuandika. Ninaandika kwa kuwa siamini kichwa changu. Sasa najaribu kuuandika mwaka ule kwa urefu, mara moja, na nitajitahidi kumtendea haki kila aliyekuwemo. Nami pia nataka kujitendea haki, ila hapo sina uhakika kama ninajua kipimo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kulinda chumba cha gemu cha Baba Shiru, ghorofa ya chini ya jengo moja la Huruma, upande unaotazama Mathare. Kilikuwa chumba kama vyumba vingine vya kupanga, lakini ndani mlikuwa na televisheni nne. Tatu zilikuwa za mpira, ambazo vijana walichezea tangu asubuhi, na ya nne, iliyokuwa kubwa, ilikuwa ya gemu za hadithi. Palikuwa na dirisha moja. Baba Shiru alikuwa amelipigilia blanketi la kijivu kwa misumari, pembe zote nne, kwa sababu jua la mchana lilipiga kwenye kioo na watu wakawa hawaoni mpira. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Vyumba vyote vya gemu nilivyovijua viliwekwa hivyo, na kile chenye giza zaidi ndicho kilichosifiwa. Kwenye mabenchi matatu walikaa watu ishirini, wakati mwingine ishirini na watano, wamebanana mabega, padi ya kuchezea ikitoka mkono huu kwenda ule ikiwa bado na jasho la mwenzake. Mlangoni Mama Brayo alikaanga mandazi, kwa hiyo pumzi yetu ilikuwa ya mafuta, soksi na plastiki ya mashine iliyopata moto. Nilikipenda chumba kile. Nalisema hili kwa sababu nikiacha kulisema mtu atadhani niliteseka humo.

Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka kanisani, mpira ulizimwa na chumba kizima kikacheza gemu moja. Sisi tuliiita Mji. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, maneno mengi, na hakuna kijana aliyeweza kuimaliza peke yake. Hivyo kukawa na utaratibu wetu. Mmoja anashika padi. Mimi nasimama kando ya kioo, nasoma Kiingereza na kukitoa kwa Kiswahili, na ikifika mahali pa kuchagua nauliza chumba na kuhesabu mikono. Mshika padi lazima abonyeze walichosema wengi, hata kama yeye hataki. Ndiyo maana waliniita Madam, kama mwalimu. Katika gemu hiyo wewe ni mkuu wa askari wa mji wenye ukuta. Nje kuna ugonjwa. Watu wanakuja kubisha langoni, mmoja mmoja, na kila mmoja anaeleza shida yake, nawe una vitufe viwili, kufungua au kufunga. Ukimfungulia, huenda akawa fundi atakayekutengenezea silaha, huenda akaanguka sokoni kesho yake na askari wako kumi wakafa. Pembeni ya kioo kuna taa ndogo. Ukifanya wema inang'aa, ukifanya ukatili inafifia. Ilisemekana kwamba anayemaliza taa ikiwaka anaonyeshwa mwisho tofauti na ule wa wengine, lakini hatukumjua mtu aliyeuona.

Mimi nilitaka kuuona mwisho huo. Sijui kama ni wema au ni kutaka tu kuona. Kila mgonjwa alipobisha nilimtafsiria kwa sauti yenye huzuni zaidi kuliko alivyosema kwa Kiingereza, nikainua mkono wangu mapema, na kila mara tukashindwa, mimi na mikono miwili mitatu. Oti alikuwa kinara wa wanaofunga. "Madam, hao ni watu wa kompyuta," alikuwa akisema. "Hata mama hawana. Unawalilia nini?" Kanyi, ambaye ndiye alishika padi zaidi kwa kuwa mikono yake ilikuwa haitetemeki, akamjibu siku moja bila kugeuka, "Wao hawako. Lakini wewe unayefunga uko." Oti akasema, "Basi nikifunga nitaenda jehanamu ya gemu, nitakupata huko ukishika padi." Watu wakacheka mpaka Mama Brayo akachungulia.

Kanyi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha kwenye kibanda cha kando ya barabara, na alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliishi na binamu zake watatu kwenye chumba kimoja. Mwanzoni mwa mwaka huo alikohoa wiki nne, akakonda, akapimwa kwenye zahanati fulani, akaambiwa ni kifua kikuu. Siku ya kuanzishiwa dawa aliniomba niende naye, kwani walimwagiza aje na mtu wa kumsimamia. Sista, muuguzi aliyetupokea, alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Kabla sijajibu Kanyi akasema, "Ni mtu ninamwona kila siku." Sista akasema, "Huyo ndiye nataka. Wake za watu hukasirika, mama za watu huhurumia. Nataka mtu wa kila siku." Akanipa kadi ya manjano yenye vijumba vingi, kimoja kwa kila siku ya miezi sita. "Utamtazama akitia mdomoni. Utamtazama akimeza maji. Ndiyo uweke alama. Si kabla. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Hebu sema." Nikasema, "Si kabla." Akatuambia pia Kanyi akae mbali na watu wiki mbili za kwanza, na vyumba anavyokaa vifunguliwe madirisha. Tulilisikia hilo sote wawili. Kanyi alikaa wiki mbili bila kuja kwa gemu, akatudanganya kwamba yuko kazini Kasarani. Blanketi sikuligusa. Ningeligusa, Baba Shiru angeuliza sababu, na sababu ilikuwa siri ya Kanyi.

Dawa zilikaa kwangu. Nyumbani binamu zake wangeziona, naye hakutaka kuitwa mgonjwa wa tibii kwenye ploti ya wapangaji ambapo hata sufuria wanashirikiana. Nilikuwa na kopo la biskuti ambamo niliwahifadhia vijana kadi zao za kumbukumbu za gemu, vitambulisho, hata funguo. Chini ya hizo nikaweka vidonge vya Kanyi na kadi yake ya manjano. Kila asubuhi saa nne, kabla chumba hakijajaa, alipita kutoka kibandani akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani. Nampa chai ya tangawizi, anameza, ninamtazama, naweka alama. Miezi miwili tulifanya hivyo bila kukosa. Alinenepa. Mkojo wake, aliniambia akicheka, ulikuwa mwekundu kama soda ya stroberi, na alikuwa akimngoja kila mtu atoke chooni kwanza. Makohozi yakapimwa tena yakawa safi. Sista aliishika kadi juu kwenye mwanga akaniambia, "Wangekuwa wote kama wewe."

Mwezi wa tatu wa dawa kazi ya mageti ilipungua, na Kanyi akawa anakula mara moja kwa siku, mchana, githeri ya mahindi na maharagwe. Dawa zile kwenye tumbo tupu zilimtapisha. Asubuhi moja akaja akasimama mlangoni bila kukaa. "Madam, leo acha. Sijatia kitu tumboni tangu jana mchana. Nikimeza hizi nitatapikia mteja. Weka tu alama, nitameza jioni." Nilikuwa na mandazi mawili kwenye karatasi, moja nimeshaliuma. Sikumpa la pili. Haukuwa uchoyo, wallahi sikufikiri tu. Niliichukua kalamu nikaweka alama, kwa sababu niliamini atakuja jioni, na kijumba kitupu katikati ya safu nzuri namna ile kingeniumiza macho. Alikuja jioni kweli. Lakini chumba kilikuwa kimejaa, na nisingeweza kulitoa kopo mbele ya watu. Tukaangaliana, akashika padi, mambo yakaisha hapo.

Siku ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na ya tatu hatukuiongelea. Baadhi ya siku alimeza. Nyingi hakumeza. Alikuwa anajisikia mzima, anainua vyuma, anacheka, na mimi nilimwona mzima. Nilikuwa nikiweka alama yeye akiwa amenipa mgongo anacheza mpira. Siku ya kurudi zahanati ilipokaribia nikaona vidonge vilivyobaki kwenye kopo ni vingi mno, vya siku thelathini na nne, na sista alikuwa akitaka arudishiwe karatasi tupu za dawa. Basi nikavitoa kimoja kimoja na kuvimwaga kwenye choo cha ploti, ndoo mbili za maji juu yake. Kanyi hakuniambia nifanye hivyo. Kwa haki lazima niseme kuwa hakuniambia, na hata sidhani kama alijua. Nimelifungua daftari la mwaka ule wiki hii nikidhani nitakuta nimeungama mahali. Kila siku kuna mstari uleule, kwa mwandiko wangu mzuri: K. amemeza. Siku niliyovimwaga pia imeandikwa hivyo. Kwa hiyo anayetaka kuyapinga ninayoyasema leo anaweza kutumia daftari langu mwenyewe, na sina cha kumjibu isipokuwa kwamba nilikuwepo.

Ndani ya wiki hizo ndipo ikaja Jumapili ambayo Oti bado anaisimulia. Katika gemu, mtu mmoja mzee alibisha langoni akiwa na binti yake. Mzee alikuwa anakohoa. Binti alikuwa mzima, lakini akasema haingii bila baba yake. Nikawasomea maneno yao yote, nikatia na ya kwangu. Oti akasema, "Funga. Huyo mzee atamaliza mji." Nikakiambia chumba kizima, na bado nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililipenda, "Mtu hawi ugonjwa wake. Leo ni yeye, kesho ni wewe unabisha." Wawili waliokuwa wamekunja mikono wakaiinua upande wangu. Kanyi, padi mapajani, akanigeukia. "Madam, swali. Ukimfungulia, utalala naye chumba kimoja?" Watu wakavunjika mbavu. Nikasema, "Nitalala." Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko mzaha ulivyohitaji, kisha akaangalia kioo. Mikono ilikuwa saba upande wa kufungua, kumi na tatu upande wa kufunga. Akabonyeza kufunga. Lango lilipofungwa mzee alikaa chini pale nje, na binti akakaa kando yake, na gemu ikatuacha tuwaangalie muda mrefu bila muziki. Mtu akasema, "Hiyo ni mbaya sana." Kisha wakarudisha nyuma kama kawaida yetu, wakajaribu upande mwingine waone kinachotokea, askari wakafa, wakarudi wakafunga tena.

Nilitoka pale siku hiyo nikiwa na furaha. Hili ndilo jambo ninalotaka kulieleza, na sijui kama nitaweza. Watu hubishana kama uchaguzi wa kwenye gemu una maana. Mchungaji wetu anasema unaharibu roho, mwanangu anasema ni vitufe tu. Mimi sina elimu ya kuwaamua. Najua tu yaliyonitokea. Nilipomtetea yule mzee wa kwenye kioo nilijisikia nimefanya wema, wema wenyewe, ule unaochosha, na kama mtu aliyeshiba sikuwa na njaa ya kufanya mwingine. Dawa za Kanyi zilikuwa miguuni pangu kwenye kopo, siku nane hazijaguswa. Sikuziona. Taa yangu ilikuwa inang'aa. Tena kwenye gemu waliniandikia kabisa: hapa chagua, hiki ni chema, hiki ni kibaya. Kwa Kanyi hakuna aliyeniandikia. Kulikuwa na chai, mandazi na kalamu. Na Oti, ambaye hakuwahi kufungua lango hata moja, siwezi kusema gemu ilimfanya kuwa mkatili, kwa sababu nitaeleza alichofanya. Labda kwake ilikuwa mchezo kweli. Labda mimi ndiye niliyekosea kuuchukulia kama maisha, nikalipia huko deni la huku. Sijui. Nimeliandika mara nne na kulifuta.

Mwezi wa tano wa dawa kikohozi kilirudi. Mwanzoni alisema ni moshi wa kuchomelea. Asubuhi moja Mama Brayo alimwona akitema damu pale bombani, akaacha mandazi kwenye mafuta yakaungua, akaenda moja kwa moja kwa Baba Shiru. Mtoto wake Brayo, wa miaka mitano, alikuwa akishinda ndani ya chumba chetu akiangalia mpira. Adhuhuri Baba Shiru alizima televisheni zote. Walikuwa pale wachezaji, Mama Brayo na akina mama wengine wawili wa ploti, na Kanyi kwenye benchi la mbele, kofia mkononi. Baba Shiru hakuwa mtu mbaya. Akauliza, "Kijana, una nini?" Kanyi akasema, "Tibii. Niko kwa dawa." Chumba kikasogea. Sikuwahi kuona watu ishirini wakipata nafasi ya kusogea katika chumba kile. Mama Brayo akasema, "Na umekaa hapa na watoto wetu, dirisha limepigiliwa?" Kisha Baba Shiru akanigeukia. "Mwikali, wewe ulijua?"

Nililifungua kopo. Niliitoa kadi ya manjano nikaiinua, kama sista alivyoiinua. "Nilijua anatumia dawa," nikasema. "Mimi ndiye namsimamia. Tazameni wenyewe, amemeza kila siku. Akimeza hawezi kuambukiza mtu, sista alisema." Kadi ikapita mikononi mwao. Safu zilijaa alama. Mama Brayo akamuuliza Kanyi, "Ni kweli ulikuwa unameza?" Nilimtazama. Angeweza kusema. Alikuwa na haki yote ya kusema. "Nilikuwa nameza," akasema. "Mbele yake. Kila siku." Baba Shiru akamwambia polepole asiingie tena mpaka apone, kisha akachukua koleo akaanza kung'oa misumari ya blanketi. Mwanga ulipoingia tuliona jinsi kuta zilivyokuwa chafu.

Tulikwenda zahanati siku hiyohiyo, Kanyi na mimi, na nyuma yetu Baba Shiru na Mama Brayo wakiwa na Brayo wa kupimwa. Brayo alipatikana mzima, nashukuru. Makohozi ya Kanyi yalikuwa yamerudi na ugonjwa. Sista alimwambia angoje nje na kunibakisha ndani. Mlango ulikuwa haufungi vizuri. "Dada, nisikilize," akasema. "Ama alikuwa anakosa dawa, ama alikuwa anameza na dawa zikashindwa. Kama alikosa, niambie, najua pa kuanzia. Kama alimeza zote, ninamtuma hospitali kubwa waanze sindano. Kila siku, miezi mingi. Sindano hizo si mchezo, zinaweza kula masikio. Kadi inasema alimeza. Yeye anasema alimeza. Wewe unasema nini?" Akavua miwani. "Hakuna mtu atakayekushika. Nataka tu kujua nimpe nini."

Hapa ndipo nilipopewa vitufe viwili. Nilielezwa kila kimoja kitaleta nini, waziwazi kuliko kwenye gemu yoyote. Kupitia ule mlango niliona kiatu cha Baba Shiru na sketi ya Mama Brayo. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria Mama Brayo akijua kwamba mtoto wake alivuta ile hewa mwezi mzima nami nikijua. Nikasema, "Alimeza." Sista akauliza, "Zote?" Nikasema, "Zote." Akavaa miwani, akaandika.

Tukirudi nilimuuliza Kanyi kwa nini alisema alikuwa akimeza. "Wangekufukuza," akasema. Baada ya hatua kadhaa akauliza, "Na wewe umemwambia sista nini?" Nikasema, "Vile ulisema wewe." Akatikisa kichwa kukubali. "Si kitu. Sindano ni dawa ya nguvu. Itanimaliza ama itanimalizia kazi." Alicheka, akakohoa, akakaa kwenye jiwe la duka la mtu mpaka kikohozi kikapita. Miaka mingi baadaye nilimuuliza muuguzi mwingine, mbali na Huruma, bila kutaja majina. Aliniambia kwamba siku zile hata waliokosa dawa, ugonjwa ukirudi, mara nyingine walichomwa sindano vilevile, na huenda masikio yangekwenda tu. Nimeliandika hili kwa sababu ni haki liandikwe. Alisema huenda. Hakusema ndivyo.

Sindano za kila siku zikaanza, na binamu zake wakamhamishia godoro kwenye kibanda chake cha kazi. Oti ndiye aliyempelekea uji kila asubuhi, kwa kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kabla ya kwenda kubeba mizigo Eastleigh. Alikaa naye nje upande upepo unakotoka, wakabishana mpira. Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo, na hata juzi pale Jericho hakulitaja. Mimi nilikwenda mara tatu kwa miezi miwili. Ya tatu, Kanyi aliniambia masikio yanalia, kama chuma kinapokatwa, mchana kutwa.

Jumapili moja, muda mfupi kabla mama yake hajaja kumchukua kwenda naye nyumbani, alikuja mpaka pale Mama Brayo, ambaye siku hiyo hakuwepo, alipokuwa akikaangia mandazi, akasimama nje akitazama kioo kupitia dirisha lililo wazi. Ndani tulikuwa kwenye lango la mwisho la Mji. Nilimwona. Nikamwambia Oti asome badala yangu, nikatoka. Nilikuwa nimeamua, naapa nilikuwa nimeamua tangu Alhamisi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake nikasema polepole, "Kanyi, nilimdanganya sista. Kesho twende nimwambie ukweli, labda watasimamisha sindano." Aliangalia mdomo wangu. "Nini?" Nikarudia, karibu zaidi. Akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio, uso wake umejaa subira. "Sema kwa nguvu, Madam. La kushoto limeenda kabisa."

Ndani walikuwa wamenyamaza kwa sababu gemu ilikuwa inangoja jibu. Dirisha lilikuwa wazi. Baba Shiru alikuwa amekaa benchi la mwisho na Brayo mapajani, na wote walikuwa wametugeukia. Nikavuta pumzi.

"Nimeuliza," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka bombani, "umekula?"

Uso wake ukafunguka. "Nimekula," akajibu, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyojibu watu wasiojisikia wenyewe, na chumba kizima kilimsikia.